Mukai na Kelele za Mumewe

Kama kuna mtu anayeijua sauti ya mashine ya Kiilu kumshinda Kiilu mwenyewe, ni mimi Nerima. Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao kule Shauri Moyo ulikuwa mwembamba, mtu akipiga chafya upande wa pili unamwambia pole bila kunyanyua sauti. Mwaka ule watoto walipoanza kupewa maziwa ya shule, mimi nilikuwa napewa mlio: wiiii, unapanda, unashuka, unakatika, unaanza tena. Nikipiga ukuta kwa kiatu, Kiilu anajibu kwa adabu, "Samahani, Mama Nafula," halafu anaendelea vilevile.

Lakini sikukaa hapa kumsema Kiilu. Nataka kumsema mkewe, Mukai, ambaye sisi majirani tulimwita Mama Ndanu kwa jina la binti yake wa kwanza. Watu wakikumbuka mashine zile humsifu fundi, fundi, fundi. Jambo hilo huniudhi mpaka leo.

Mukai alikuwa mfupi, mzaliwa wa Kangundo kama mumewe, mwenye mikono ya kazi na ulimi usiochelewa. Aliuza mitumba Gikomba. Nilipenda kumtazama siku ya kufungua belo, ule mzigo mkubwa wa nguo uliofungwa kwa mikanda ya chuma. Alipanda juu yake na viatu vyake akapaza sauti: "Njooni mshuhudie! Sijaligusa! Sijalichungulia!" Watu wakishajaa ndipo anakata. Kule Gikomba belo halifunguliwi chumbani. Hata ukilifungua kwa moyo mweupe kabisa, ukatoka na magauni ya kumeremeta, wateja watasema mazuri zaidi umeyabakiza kitandani. Lakini likifunguliwa mbele ya macho yao watanunua hata kama ndani mna makoti matupu ya theluji.

Mumewe alikuwa fundi wa redio. Tajiri wa duka alilofanyia kazi mjini alihama nchi, duka likafungwa, na Kiilu akarudi nyumbani na mfuko wa nyaya na kile chuma chake cha kuunganishia. Akaiteka meza. Chumba kilikuwa kimoja, meza moja, na watoto wakawa wanakula uji wamepakata bakuli. Redio za kutengeneza zilikuja kwa nadra, na kikapu cha Mukai ndicho kilichokuwa kikilisha nyumba nzima.

Hapo ndipo akaja Phares. Huyu alikuwa karani wa reli, mtu wa Ugenya, mrefu, mwenye suti iliyopigwa pasi hata Jumamosi. Yeye na wenzake wachache walikuwa na ulevi wao: kuokota vitu vya zamani. Walikwenda kwenye kambi zilizohamwa kando ya reli, wakichokoa ardhi kwa vijiti, wakitafuta senti zenye tundu, rupia, vifungo vya askari. Hawakuviuza. Walivipanga juu ya kitambaa, wakavitazama na kunywa chai. Basi Phares alikuwa ameona katika gazeti la Ulaya picha ya mashine inayonusa chuma kilichofukiwa, akamletea Kiilu ukurasa ule.

Kiilu aliutazama, akasema ni redio mbili tu zinazoimba pamoja, moja imefungiwa waya wa duara kule chini. Chuma kikikaribia duara, mmoja wa waimbaji anapotea njia, na wewe unamsikia.

"Basi nitengenezee," Phares alisema. "Lakini iwe kama hii. Iwe nyeusi, iwe nzito. Iwe na vifundo vya kuzungusha, na mshale kwenye kioo. Na hivi visikizio vya kufunika masikio, usivisahau. Mashine bila visikizio ni ya watoto."

"Na ukiipenda?"

"Nikiipenda nainunua, na wenzangu wote watataka yao. Mimi nikikataa, nao watakataa. Wananisikiliza."

Maneno hayo Mukai aliyasikia akiwa mlangoni akichambua mboga. Phares alipoondoka, aliinama akavuta sanduku lao la bati kutoka chini ya kitanda, akaliweka karibu na meza, pale mlangoni, akaanza kupanga nguo za watoto ndani.

"Baba Ndanu, sisemi kwa hasira," alisema, na mimi upande wangu nikaacha kukoroga ugali. "Phares akinunua, tutakaa. Asiponunua, shule zikifunguliwa mimi na watoto tutakuwa Kangundo kwa mama yako. Wewe utabaki hapa na wiii yako. Mgongo wangu hauwezi tena peke yake."

Kiilu aliinamia nyaya zake. Ndanu ndiye aliyeuliza kama shule ya Kangundo pia ina maziwa. Moyo uliniuma, na tangu siku ile kiatu changu kikapunguza ukali.

Mashine ilikamilika mwezi wa Novemba. Ilikuwa nyeusi, nzito kama mtungi uliojaa, na vifundo vitatu. Jumapili baada ya kanisa Phares alikuja kuijaribu kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba zetu, pale vijana walipochezea mpira na wanywaji wa soda na bia walipokaa jioni. Alivaa visikizio, akainamisha kichwa, akaanza kutembea polepole akipapasa majani kwa lile duara.

Watu wa Shauri Moyo hawakuwa na simile. Kabla hajafika goli la kwanza tulikuwa tumemzunguka, wengine na sahani mkononi. Tulimwona akisimama. Akazungusha kifundo hiki, akazungusha kile. Sisi hatukusikia kitu. Akatabasamu peke yake, akapiga goti, akachimba kwa kisu, akaokota kitu, akakitazama, akakitia mfukoni ili asichafue uwanja.

"Mzee ameokota!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Ni kizibo cha soda," Phares alisema, akivua visikizio.

Nani angeamini? Mtu mzima, msomi, suti, anapiga magoti kwenye vumbi Jumapili kwa sababu ya kizibo, halafu anakitia mfukoni? Tobias, mlinzi wa mlango wa baa, akasema kwa sauti ya mamlaka, "Hebu toa tuone." Phares akatoa kizibo. Tobias akakicheka. "Hicho ulikuja nacho. Toa kile kingine." Na kabla hatujajua la kufanya, mkono wa Tobias ulikuwa ndani ya koti la Phares. Ilikuwa aibu tupu. Phares aliiacha mashine pale chini, akajipangusa magoti, akaondoka bila kumuaga mtu.

Kufikia Jumatano, kizibo kilikuwa kimekuwa chungu cha rupia midomoni mwa watu. Watoto walimwita Mzee Rupia akienda kazini. Shemeji yake alifika kutoka Ugenya na mfuko wa nguo, akakaa kwenye kochi, akawa anangoja fungu lake bila kulitaja. Hata mkewe Apondi, niliambiwa, alianza kumpikia samaki mzima na kumuuliza kwa upole kama ana jambo lolote la kumwambia. Phares akamtumia Kiilu neno moja tu: hataki mashine tena.

Kiilu aliketi mbele ya lile dude siku nzima. Mlio haukusikika. Nilidhani nitafurahi, kumbe kimya kile kilinikosesha raha kuliko kelele. Mukai alirudi kutoka sokoni jioni, akatua kikapu, akalitazama sanduku, akamtazama mumewe. Ningekuwa mimi ningeanza kulia. Yeye alicheka.

"Mmefungua belo chumbani," alisema.

"Nini?"

"Wewe na Phares. Mmefungua belo chumbani. Yeye anasikia, sisi hatusikii. Tutamwamini kwa lipi? Toa hayo mavazi ya masikio. Weka spika ya redio, ile kubwa."

"Spika itakula betri, Mama Ndanu. Na kitu kilicho chini sana kinalia kidogo mno, ni masikio yaliyofunikwa tu yanayokisikia. Tutakikosa."

"Kilicho chini sana kikae huko chini. Kilicho juu kisikike na kila mtu."

"Na vifundo?"

"Bakiza kimoja cha kuwashia. Phares alipogusa vile vingine watu walidhani anainyamazisha. Tena ipunguze uzito, mtu aweze kumpa mwenzake ajaribu. Kitu kinachoshikwa na mmoja tu kina maneno."

Walibishana mpaka nikajua vipuri vyote kwa majina. Kiilu alikuwa na fahari ya fundi, na kuing'oa kazi yake nzuri kulimuuma. Alisema wazi kwamba kunamuuma. Lakini aliing'oa. Mpini wa ufagio ukachukua nafasi ya bomba la chuma, sahani ya plastiki ikabeba waya, na spika ikafungwa kwa mpira ikitazama nje. Kabla ya Jumapili, Kiilu alitoa wazo la kuzika senti chache uwanjani zipatikane mbele ya watu. Mukai alimgeukia vibaya.

"Hiyo ni karata tatu ya matapeli! Ukizika hata moja, mimi naondoka leo, singoji Januari."

"Lakini ule uwanja ni vizibo vitupu. Itapiga kelele kila hatua. Nitachekwa."

"Uchekwe."

Kumleta Phares ndiko kulikuwa kazi. Mukai mwenyewe alikwenda nyumbani kwa Phares, akamkuta shemeji kwenye kochi na Apondi akimpaa samaki magamba. Akasema, "Mzee Phares, njoo Jumapili tukuvue hizo rupia ulizovishwa." Phares akakataa katakata. Apondi, aliyekuwa amechoka kununua samaki, akasema watakwenda wote.

Jumapili ile ya pili, Mukai alisimama juu ya jiwe katikati ya uwanja, akaita kwa sauti yake ya Gikomba. "Njooni mshuhudie! Hatujazika kitu! Fundi hajazika, mimi sijazika!" Kisha akaichukua mashine, na mtu wa kwanza kumkabidhi alikuwa Tobias.

Tobias aliishika kama mtoto wa mtu mwingine. Hatua ya kwanza, wiiii! Uwanja mzima ukaruka. Akachimba kwa haraka mbele ya macho yetu sote, akafukua kizibo. Tulicheka mpaka akavua kofia kuficha uso. Akampa muuza mandazi: wiiii, kizibo. Nami nikapewa, ikalia, nikachimba kwa kucha kama kuku: kizibo, na kimekunjika. Vikarundikwa pale kwenye jiwe, pamoja na misumari na kijiko kimoja ambacho wanawake wawili walikigombania. Kiilu alikuwa amesimama pembeni, uso umemshuka, akihesabu kila kilio kama kosa lake. Hakuona kwamba watu walikuwa wamepanga foleni.

Shemeji wa Phares naye akataka zamu. Ikalia, akachimba, akakaa na kizibo chake kiganjani, akautazama ule mrundo, akautazama uwanja. Kisha akamwendea Phares. "Shemeji," alisema, "kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu," Phares alijibu.

Mukai mwenyewe akampelekea Phares mashine. Phares akatembea na suti yake pale pale alipopiga magoti juma lililopita. Wiiii! Sote tukasikia. Akapiga goti, akachimba, akakiinua juu kwa vidole viwili, kikimetameta. Uwanja mzima ukaitika kwa pamoja, watoto, wazee, Tobias: "Kizibooo!"

Sijaona mtu aliyefurahishwa hivyo na takataka. Phares alisimama akicheka, machozi yakimtoka, na mimi pia yakanitoka. Akamwambia Kiilu, "Ile nyeusi sitaki hata kuikumbuka. Hii ndiyo yangu. Siiachi hapa hata dakika." Wenzake wa kuokota vitu waliokuwa nyuma yake walikuwa tayari wanauliza za kwao zitakuwa tayari lini.

Miaka iliyofuata, mashine za Kiilu zilining'inia kwenye kibanda cha Mukai katikati ya makoti na sketi. Walikuja walimu, madereva, hata Mhindi mmoja wa Ngara aliyekusanya sarafu. Wengine walitaka za vifundo vingi, na Kiilu, kwa sababu fahari ya fundi haiishi, aliwatengenezea. Lakini hakuna aliyeuziwa bila kwanza kutembea nayo mbele ya watu na kufukua kizibo chake mwenyewe. Vijana wakasema uwanja wetu ndio pekee Eastlands unaoweza kuchezewa bila viatu.

Lakini nikimkumbuka Mukai, narudi kwenye jioni ya Jumapili ile. Nilikuwa nimevua viatu, nimechoka kwa kicheko. Upande wa pili Kiilu alikuwa mezani, ameanza mashine ya pili, nayo ilikuwa ikilia mfululizo bila kupumua. Akakaza, akalegeza, ikazidi. Nikanyoosha mkono kuchukua kiatu.

"Mama Ndanu," nikamsikia akisema taratibu, "ni hili sanduku la bati. Liko karibu mno na meza. Mashine haitulii likiwa hapa."

Mashine ikaendelea kulia. Kisha nikasikia komeo la sanduku likifunguka. Nikasikia nguo zikitolewa na kutundikwa kwenye misumari ukutani, ukuta wetu huohuo, moja baada ya nyingine. Mwishowe sanduku tupu likaburutwa juu ya saruji mpaka chini ya kitanda, mbali kule, na mlio ukakatika.

"Sasa?" Mukai aliuliza.

"Sasa imetulia."

Nikarudisha kiatu changu sakafuni.