Bei ya Ulizo Dogo

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu sikujua ulizo dogo ni lipi. Nilikuwa nimeshawatumia wateja wangu bei: ulizo dogo, ulizo la kati, ulizo kubwa, kila moja na faranga zake. Baada ya kutuma ndipo nikaanza kuwaza. Mtu akiuliza "mbona haifunguki?", ulizo lake ni dogo kwa kuwa lina maneno mawili, au ni kubwa kwa kuwa litanila siku mbili?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu hapa Kisangani, sina kazi. Nilichokuwa nacho ni programu ndogo niliyoitengeneza mwenyewe, ambayo waandishi wengine wa programu wanaiingiza ndani ya kazi zao. Inafanya jambo moja: mtandao ukikatika, inahifadhi maandishi kwenye simu, ukirudi, inayatuma. Watu watano waliinunua. Kila mmoja alifanya kazi peke yake, akiwatengenezea programu wenye maduka ya dawa, shule na depo za bidhaa.

Walilipa mara moja, lakini waliuliza kila siku. Ujumbe wa sauti ulianza kuingia kabla sijanawa uso. Aliyeridhika na jibu alinitumia unités, yaani salio la simu; asiyekuwa nazo alinitumia baraka. Niliona haya kumlipisha mtu kwa kuniuliza, na niliona haya vilevile kula kila siku chakula cha mama. Ndiyo maana nikaandika ile tableau, jedwali la bei. Maelezo ya "ulizo dogo" peke yake yalijaza nusu ukurasa.

Maulizo yakakoma. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya tatu nilijiambia kwamba programu yangu sasa haina kasoro. Siku ya tano nilikuwa na hakika kwamba wote watano wameniacha na wananisema.

Kisha mzee mmoja, papa kama tunavyowaita huku, akaja nyumbani kwetu Kabondo, bila kupiga simu, na mfuko begani. Alikuwa mteja wangu wa kwanza, mwalimu wa hesabu aliyejifunza kuandika programu mvi zikiwa zimeshatoka. Alikuwa ametoka Basoko kwa boti. Huko aliweka programu yake katika depo ya samaki wa kukaushwa, na tangu siku ya kwanza maandishi yalikataa kutumwa. Badala ya kuniuliza, alilihifadhi ulizo hilo, akingoja yapatikane mengine aulize yote kwa mara moja, kwa bei moja. Siku ya sita alichoka, akaifuta programu ili aiweke upya. Mauzo ya siku sita yakafutika nayo.

Mwenye depo alimpa wiki moja kuyarudisha. Akishindwa, depo ingerudi kwenye daftari na papa angepoteza kazi. Ndani ya mfuko mlikuwa na vikaratasi vyote vya mauzo, vingine vikinuka samaki.

Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

"Nilijua jibu uko nayo," alisema. "Ila nilisoma tableau yako mara tatu, sikuona kama ulizo yangu iko ndogo ao iko kubwa. Donc nikanyamaza."

Jibu lenyewe lilikuwa mstari mmoja ndani ya programu yake. Tuliusahihisha kabla chai haijapoa. Vikaratasi vilituchukua siku mbili, yeye akisoma, mimi nikiandika. Tulipomaliza na depo ikathibitisha kwamba kila kitu kimefika, alitoa simu yake ili anilipe, akaniuliza kazi hii iko bei gani. Mama, ambaye ni mshonaji, alijibu kwanza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Papa, usimuulize. Ataandika tableau ingine."

Papa alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka kidogo.

Jioni ile mama alipeleka mchango wake wa likelemba. Ni washonaji sita. Kila mwezi wote wanatoa kiasi kilekile, na mmoja anachukua chote. Nilimuuliza inakuwaje zamu ikimfikia mtu asiye na shida. Alisema anabadilishana na mwenye shida. Nikauliza, na kama wawili wana shida? Wanazungumza. Na wasipoelewana? Alinitazama kama mtu anayehesabu miaka aliyonilipia shule.

Nilizunguka siku nne na wazo la kufanya hivyo na wateja wangu. Niliogopa kwamba mmoja angelipa kisha aulize kwa niaba ya wote, au kwamba wangecheka. Asubuhi ya tano nilikaa barazani nikarekodi ujumbe kwa wateja watano. Nilisema maulizo hayana bei tena, waulize hata yaliyo madogo, hasa yaliyo madogo. Kila mmoja atoe mchango uleule kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao apate siku zangu mbili kamili, nikae naye kwenye kazi yake, kama likelemba. Zamu ya kwanza nilimpa papa.

Nilirekodi mara saba, kila mara nikisikiliza na kufuta. Ya nane niliituma bila kuisikiliza, nikaifuta ile tableau kwenye kompyuta, kisha nikampigia papa kumuuliza tuanze siku gani.