Kenge kwenye Birika la Samaki

Ukitaka kufuga samaki wa mapambo uani, usiogope. Mimi nilianza na mabirika mawili ya chuma ya kunyweshea ng'ombe, niliyoyanunua Naipingo kwa mfugaji aliyekuwa anahama. Niliyafukia nusu ardhini nyuma ya nyumba yetu, Nkowe, jua lisije likachemsha maji. Maji ya kisima niliyaacha yatulie siku kadhaa, ndipo nikatia samaki wadogo wekundu.

Kenge alipowagundua, aliwala mpaka wakabaki saba, wote birika moja. Jike lilikuwa moja tu, limejaa mayai. Likiliwa hilo, sina mbegu tena.

Mchana mmoja wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa anachoma korosho uani juu ya bati lililotobolewa. Asiyewahi kuona ajue hivi: ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na bati likikolea moto mafuta hayo huwaka yenyewe. Mchomaji hukaa mbali, ameshika mti mrefu.

Tukasikia maji yakipigwa. Kenge alikuwa ndani ya birika, mkia nje.

Nilichukua mchi. Pigo la kwanza lilimpata mgongoni. Mkia ukanichapa muundi, ngozi ikachanika. La pili likapiga ukingo wa birika, mikono ikafa ganzi.

"Wifi, unampiga au unambembeleza?"

"Njoo umshike wewe basi!"

"Sogea!"

Aliliinua bati kwa miti miwili, akamwagia kenge korosho zote na moto wake. Mnyama alifoka, akaruka nje mgongo ukiwaka. Nikampiga kichwani. Nikampiga tena. Fuvu lilipasuka na bado sikuacha, mpaka wifi akanivuta kanga.

"Basi! Huyo kafa tangu jana."

Tulicheka, tukihema. Kisha nikageuka. Moto ulikuwa unatembea juu ya maji. Samaki walipanda kuvuta hewa, wakakutana na mafuta meusi yaliyotanda.

Wifi alitaka kutumbukiza mkono. Nikamzuia. "Utababuka! Leta chekeche la unga."

Moto tuliuzima kwa gunia lililolowa, tukawachota samaki mmoja mmoja kuwapeleka birika la pili, kwenye maji yaliyokwisha kutulia. Hadi jioni wanne walikuwa wamekufa. Jike lilikuwa hai, limelala ubavu, jicho moja limegeuka jeupe.

"Litataga?" wifi aliuliza. Hakuwa na utani tena.

"Sijui."

Siku ya nne asubuhi alikuja mbio jikoni, akaubeba mchi. "Wifi, yale madume mawili yanamuua mwenzao!"

Nikatoka. Madume yalikuwa yanalifukuza jike kuzunguka birika, yakiligonga ubavuni kwa nguvu, magamba yakibanduka, maji yakiruka mpaka miguuni kwetu.

"Weka mchi chini, wifi," nikamwambia. "Yaache yapige. Ndivyo mayai yanavyotoka."

Akauweka chini, ila hakuuachia.