Kwaya ya Makaburini na Bakuli la Uji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimelala wodi ya wanaume pale Bariadi, tumbo limeshonwa baada ya maksai wa plau kunipiga pembe. Nilikuwa kijana wa nguvu, lakini siku hiyo hata kijiko kilinishinda. Muuguzi alishasema wazi: "Asipokula, kidonda hakitafunga. Tutampoteza."

Kaka yangu Masanja, Mungu amrehemu, alitoka kijijini kwetu Mwamapalala na redio kaseti begani. Maneno ya kufariji hakuwa nayo, basi akaleta kwaya. Kila uji ulipofika, alibonyeza. Na kila kwaya ilipoanza, uji ulinishinda kumeza. Ndizo nyimbo zilizoimbwa tukimzika mama. Ningemwambiaje, naye katembea kwa mguu na njaa kwa ajili yangu? Nikawa nageukia ukutani. Yeye akidhani sisikii, anaongeza sauti.

Siku hiyo akanisukumia kijiko mdomoni, uji ukanimwagikia shingoni.

"Kula, mdogo wangu! Unataka kufa?"

Wodi nzima ikatugeukia. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kweli kweli.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo bibi mmoja akimuuguza mumewe. Akainuka, akaizima redio bila kuomba ruhusa.

"Ng'wanone, mwanangu, huyu yuko hai. Mbona unamzika na kijiko mdomoni?"

"Mayu, mama yangu, ni nyimbo za Mungu."

"Za Mungu, ndiyo, na kaburini ndizo mnazoimba. Mkilima pamba mnaimba nini?"

Masanja akachota uji tena. Kisha akaanza, kwa sauti ya chini, wimbo wetu wa jembe, ule wa kukimbizana hadi mwisho wa shamba, ambao ukiisha tu akina mama wanaleta ugali. Mume wa yule bibi akaitikia, kifua kikimkwaruza. Mate yakanijaa mdomoni. Nikameza kijiko cha kwanza, nikameza cha pili, na kaka yangu anaimba huku analia.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na hawakukosea. Lakini wimbo aulizwe! Hiyo simu yako iliyojaa nyimbo, ukifika hospitali iache kwanza mfukoni, umtazame mtu wako usoni. Wengine hawawezi kukwambia uizime, kwa sababu wanakupenda.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kulisha, mwanangu. Na siku utakapolishwa wewe, akupe mtu anayeujua wimbo wa shamba lenu.