Picha ya Mjomba Mwiko Akiwa Ameketi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, mjomba hudondosha tone moja kwenye kiganja cha kushoto, hulilamba, halafu huangalia dari kama mtu anayesikiliza habari za redio. Ndipo husema, "Haya, inanyweka." Hata dawa ya kikohozi huionja hivyo hivyo. Siku moja aliletewa maji matupu, akayaonja, akasema yamekosa kitu.

Ni mpishi wa shughuli. Mtaa mzima unamwita Mwiko kwa sababu ya ule mwiko wake wa mti, mrefu kama kasia, anaotembea nao begani kama askari. Mtaani kwetu kuna msikiti, kanisa na hekalu, na sikukuu zikianza kufuatana mjomba tunamsikia tu, hatumwoni. Ana masufuria matatu yasiyochanganywa: la mstari wa kijani ni la msikiti, la mweupe ni la kanisa, la mwekundu ni la hekalu, na hilo halijawahi kukutana na nyama hata njiani. Hekaluni chakula hakionjwi kabla ya kutolewa sadaka. Mwezi wa mfungo nao, ingawa yeye si wa kufunga, anasema kulamba kiganja mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Basi akazoea kuonja kwa pua. Pua yake inajua chumvi.

Mkewe, yaani mkaza mjomba wangu, hana ugomvi na sikukuu za watu. Ugomvi wake ni picha. Ukutani sebuleni ipo picha ya harusi yao: yeye ameketi na maua, na pembeni yake pana kiti chenye koti. Bwana harusi alinusa wali wa wageni unataka kupaliwa moto juu ya kifuniko, akavua koti, akasema, "Nakuja." Mpiga picha alikuwa na harusi nyingine, hakungoja. Miaka ishirini na moja sasa wageni wakiitazama picha ile humpa pole, wakidhani alifiwa.

Mwaka huu akasema basi. Sisi ni watu wa kanisa, na sikukuu yetu ilipokaribia alimwambia mjomba kwamba safari hii hapiki. Atavaa koti, atakaa mezani kama binadamu, na saa sita mpiga picha atakuja.

"Nikikaa nitapata nini?" mjomba akauliza.

"Utapata mke. Na ukiinuka kabla hajapiga, nitajua niliolewa na koti."

Mjomba akakubali, akaapa kabisa. Mkaza mjomba akausukuma mwiko chini ya kitanda, ukatokeza pande zote mbili. Sufuria la kanisa wakaachiwa mwalimu wa kwaya, mwadhini na mtunza hekalu. Hao wawili wa mwisho walijitolea kwa kuwa haikuwa sikukuu yao, na mjomba alishawapikia zao.

Siku ikafika, mjomba akaketi. Koti lilikuwa lile lile la harusi, vifungo vikikodoa macho.

"Shemeji," akasema kaka wa mkaza mjomba, "kumbe una magoti. Mimi nimezoea kukuona wima kama mlingoti."

Mjomba akacheka kwa mdomo tu. Uwanja wa kanisa uko nyuma ya ukuta wetu, moshi ule pale. Mara kichwa cha mwadhini kikatokea dirishani.

"Hodi humo. Mwiko, wali unageuzwa kulia au kushoto?"

"Haugeuzwi. Si umefunikwa?"

"Ulikuwa."

"Nani kafunua?"

"Mwalimu wa kwaya. Anasema wali nao lazima upumue."

Mjomba akashika kingo za kiti. Mkewe akamkazia macho. "Si nimekaa?" akasema. "Mwadhini, funikeni, na mwalimu mpeni kazi ya kuhesabu sahani."

Hatujamaliza kunawa, mtunza hekalu naye huyo, jasho linamtiririka.

"Ndugu, nimetia chumvi kwenye mchuzi."

"Vizuri."

"Mwadhini naye alikuwa ametia."

Mjomba akafumba macho. "Na mwalimu?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza. Tumwambie imeshatiwa mara mbili, au tumwache, maana naye ameshatia?"

"Menyeni viazi, vitumbukizeni vizima, viinywe ile chumvi. Na msikoroge."

Aliyasema yote hayo bila kuinuka. Mkaza mjomba akamwongezea nyama, akamnyoosha kola. Sijawahi kumwona anamnyoosha kola. Saa sita ikapita, mpiga picha hajatokea.

Ndipo pua ya mjomba ikacheza. Sisi wengine hatukunusa kitu.

"Kuni za upande wa ukuta zimezidi," akasema taratibu. "Wali umeanza kushika chini."

"Mpiga picha yuko njiani," mkewe akasema.

"Mke wangu, kule kuna watu mia tatu."

"Na hapa niko mmoja."

Akakaa. Kwa kweli alijitahidi; miguu chini ya meza ilikuwa inakwenda peke yake. Shemeji mtu akaacha kutafuna akimtazama. Halafu mjomba akainuka, akavua koti, akalivisha kiti, akalinyoosha mabega.

"Nakuja," akasema.

Tukasikia purukushani chumbani. Mwiko ulikuwa umekwama kwenye miguu ya kitanda, anavuta, kitanda kinamfuata. Mkaza mjomba akainuka, akaenda. Akainua kitanda kwa mikono miwili.

"Vuta," akamwambia.

Mjomba akatoka na mwiko begani, na mlangoni akapishana na mpiga picha, ambaye alimwamkia akidhani ni mpishi tu.

"Samahani kwa kuchelewa," mpiga picha akasema akifungua mkoba. "Mwenye nyumba yuko wapi?"

Mkaza mjomba akarudi kwenye nafasi yake. Akapangusa bega la koti, akaweka mkono juu yake.

"Huyu hapa," akasema. "Piga."

Tuliendelea kula, sahani ya mjomba tukaifunika. Baadaye huko nyuma ya ukuta watu wakapiga vigelegele, wali ulikuwa umepona. Mjomba hakurudi.