Kikwembe cha Vichwa Tisa

Juzi mujukuu wangu aliwasha ile dawa ya mbu inayojikunja kama konokono. Moshi ulinigonga puani, nikasahau viazi kwenye moto mupaka vikaungua. Musinicheke. Ile harufu njo ya maua ya piretre, yale meupe yanayoua wadudu, na mimi nilikulia ndani yake, kwenye vilima vya Masisi, wakati wazungu walikuwa wangali wanatuamuru.

Shule sikusoma sana, lakini macho nilikuwa nayo. Nilikuwa na miaka kama saba, nimebeba mudogo wangu mugongoni, nikiwatazama wamama tisa wakipanda mulima ndani ya shamba kwa mustari mumoja, vidole vikikata vichwa vya maua: tap, tap, tap. Mama yangu, mumoja wa wale tisa, njo alianzisha wimbo. Mukono wake wa kuume uliungua na uji utotoni, vidole viwili vikashikana. Hakuna aliyechuma polepole kama yeye. Lakini akiimba, wale tisa walipanda mulima kama mutu mumoja, ukungu ukipasuka mbele yao. Jumamosi, ile tunayoita posho, mustari wote ulipewa chumvi, wakagawana. Baba alikuwa amekwenda kuchimba mawe Walikale, hakurudi. Chumvi yetu ilikuwa ile tu.

Siku moja kapita, musimamizi wetu, akaleta neno la muzungu: tangu sasa, kila posho, mwenye kikapu kizito kuliko vyote atapewa kikwembe, kitambaa cha kujifunga. Mwenye kikapu chepesi kuliko vyote posho mbili mufululizo, kazi imekwisha, arudi kwake. Akamutazama mama.

Kikwembe kilitundikwa mulangoni pa nyumba ya mizani: chekundu, chenye ndege wa manjano. Nilishaona nguo yangu ndani yake.

Wimbo ulikufa siku ileile. Kila mama alikimbilia maua yake. Wakachuma na mashina, na machipukizi mabichi. Wengine walinyunyizia kikapu maji kipate kulemea. Maua yakaoza kabla ya kukauka, yakanuka kama panya aliyekufa. Mama Furaha, jirani tuliyeombana naye moto kila asubuhi, alificha kikapu chake chini ya majani. Posho ya kwanza yeye njo alipata kikwembe, na hakuna aliyemupigia vigelegele. Alikivaa kwenda kanisani, akaketi peke yake kwenye benchi.

Kikapu cha mama kilikuwa chepesi kuliko vyote.

Asubuhi ya posho ya pili, mama alifunga kikapu kiunoni, akasema: «Wakinifukuza, wanifukuze nikiimba.» Akaanzisha. Kila mama akaendelea kukata maua yake. Akaanzisha tena, na sauti ya Mama Furaha ikamuitikia kutoka juu. Akashuka, akamwaga maua yake kwenye kikapu cha mama.

«Mama Bahati, kikapu hiki iko na tundu ao nini? Shika!»

Wakacheka. Kisha wote wakapita, mumoja mumoja, kila mutu akimwaga. Nilisimama mudomo wazi. Nzi angeingia na kutoka.

Kwenye mizani, kapita alishangaa. «Mama, na ule mukono?»

«Mukono gani, Papa Kapita? Leo niko na kumi na minane.»

Akapokea kikwembe, akakishika kwa meno, akakipasua vipande tisa, kimoja kwa kila kichwa. Mimi nililia, nguo yangu ilikuwa inakufa mbele ya macho.

«Nyamaza, Bahati. Ungekivaa peke yako.»

Jumatatu, vichwa tisa vyekundu vilipanda ndani ya ukungu, vikiimba, na mimi nikaona kama mulima wenyewe unatembea. Mimi ni mutoto wa yule mwanamuke, na ninajivuna mupaka leo.

Muzungu aliona vikapu vimejaa, akatundika kikwembe kingine. Alifikiri kitambaa njo kimetutumikisha.

Miaka mingi nilijiuliza kwa nini Mama Furaha njo alikuwa wa kwanza kushuka, yeye aliyeshinda. Nilipozeeka nikaelewa: kati ya wale wote, yeye peke yake alikuwa ameshakivaa.