Namba ya Printa

Kaka yangu, ambaye kazini wanamwita Fundi Nyaya, ana miaka kumi na minane akihudumia kompyuta za ofisi ileile, na siku hizi akiingia pale anakunja pua kama aliyekanyaga uchafu. Juzi printa ya ofisi nzima iligoma kwa mara ya tano mwezi huu. Aliingia chini ya meza, kwenye mende waliokufa na bazoka zilizotafunwa, akakuta mashine nzima kabisa. Tatizo lilikuwa anwani yake ya mtandao, ile namba aliyoibandika juu yake kwa karatasi. Kompyuta saba zilikuwa zimewekewa namba hiyohiyo.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi," alisema bosi, huku akichokonoa meno. "Printa haikosi mtandao kama sisi tunavyoukosa. Nikaagiza wote waweke namba yake."

Kaka akatoka chini ya meza. "Mzee, majirani wote wakiandika namba ya nyumba yako milangoni kwao, barua zako atapata nani?"

Bosi hakufikiri hata kidogo.

"Mimi. Kwani mkubwa nani?"