Stika ya Dakota Kaskazini

Huku kwetu Nebraska, ukitaka kumsifu mtu kwa ukweli, ulikuwa unasema, "Huyo ni mzani wa Alvin." Miaka thelathini na minane Alvin Kucera alipima malori ya mahindi pale ghala la nafaka, na hakuna mkulima aliyetoka akinung'unika. Ratili yako ni yako. Lakini mzani wa ghalani ni chuma, jamani. Moyo wa mtu haupimwi hivyo.

Kila kiangazi Alvin alifunga trela la kulala nyuma ya gari lake, akapakia mkewe Dolores na watoto watatu, wakaenda kuona nchi. Waliondoka kabla ya mapambazuko, maana kwetu sisi jua likikukuta bado uani kwako, wewe ni mvivu tu, huna lingine. Kwenye sanduku la barafu mlikuwa na mikate ya soseji, na kwenye kopo la biskuti kolache, vimkate vitamu vya plamu alivyooka Dolores. Mlangoni mwa trela ilibandikwa ramani ya Marekani. Kila jimbo walilofika, stika moja.

Na sheria ilikuwepo, tena kaitunga Alvin mwenyewe: kupita na gari hakuhesabiki. Miguu yote ya familia iguse ardhi. Kule Oklahoma mtoto wa mwisho alikuwa na homa kali, Alvin akambeba, akamshusha kidole gumba cha mguu tu kikagusa vumbi. "Imehesabika!" akatangaza. Watu wa kituo cha mafuta wakadhani kachanganyikiwa.

Binti yake mkubwa, Renata, ndiye aliyekuwa msoma ramani. Alikaa katikati ya baba na mama, kitabu cha ramani magotini, kidole barabarani. Alvin alimwita Kapteni.

"Kapteni, tuko wapi?"

"Maili kumi na mbili mpaka mtoni, Baba. Halafu kulia."

Hakukosea hata mara moja. Alvin alijisifu ghalani mpaka wenzake wakamwambia, "Basi bwana, tumesikia, una mtoto."

Kiangazi alichotimiza Renata miaka kumi, walidhamiria kumaliza safu ya katikati ya ramani. Texas, Oklahoma, Kansas, kwao Nebraska, Dakota Kusini, zote zilishapata stika. Ilibaki Dakota Kaskazini. Walipotoka kutazama nyuso za marais zilizochongwa mlimani wakashika njia ya kaskazini. Joto lilikuwa la kukaanga yai. Injini ikaanza kuchemka, Dolores kichwa kinamgonga, wadogo wawili wamepigana mpaka wamechoka wakalala. Na Jumatatu ghala lilikuwa linamngoja. Renata naye, kwa mara ya kwanza tangu apewe ile ramani, alisinzia.

Zilibaki maili thelathini tu. Alvin alitazama mshale wa joto, akatazama waliolala, akaingiza gari kwenye kituo cha mafuta.

"Amkeni! Dakota Kaskazini!"

Watoto waliruka nje pekupeku, wakachezacheza juu ya sementi ya moto. Dolores akawapiga picha. Renata peke yake alisimama akitazama kibao cha mji, kisha akafungua kitabu chake.

"Baba, hapa bado ni Kusini. Mpaka uko mbele."

"Tumevuka mlipokuwa mmelala."

"Lakini huu mji uko hapa, ona," akaweka kidole. "Bado maili thelathini."

Angeweza kucheka akasema, Kapteni umenishika. Maneno hayo yalikuwa ulimini kabisa. Lakini kiburi si maungwana.

"Unamwita baba yako mwongo?"

"Ana wivu huyo!" mdogo wake akamzomea. "Kapteni kalala kazini! Kapteni usingizi!"

Dolores hata ramani hakuitazama. Nani angebishana na mzani wa Alvin? "Renata, mwombe baba yako radhi. Sasa hivi."

Renata hakumtazama mama. Alimtazama baba, akimngoja. Alvin akageuka, akabandua stika kwenye karatasi yake, akaibandika.

"Samahani, Baba," mtoto akasema.

Wakarudi zao kusini. Renata alifunga kitabu, akahamia kiti cha nyuma. Jioni Alvin akaita, kwa sauti ya kubembeleza, "Kapteni, tuko wapi?"

"Sijui, Baba."

Hakuishika tena ramani.

Aibu ile Alvin aliishi nayo kama jiwe kiatuni. Alipanga kusema siku Renata anamaliza shule. Akapanga arusini. Dolores alipougua akasema, leo nitamwambia, kesho nitamwambia, mpaka kesho ikamkuta amepiga magoti pembeni ya jeneza. Mtu anayekataa kumwibia mkulima ratili moja, kamwibia mwanawe neno lake, na kila Jumapili anakaa kanisani kiti cha mbele. Kweli nyani haoni kundule!

Mwezi wa sita uliopita Renata alikuja kulichukua trela. Ana miaka arobaini na sita sasa, na binti wa miaka tisa, Tess, mwenye maswali kuliko hakimu. Renata alikuwa ameinama anafunga mnyororo wa trela. Tess alikuwa mlangoni anasoma stika.

"Babu, Dakota Kaskazini mliona nini?"

Mikono ya Renata ikasimama. Hakugeuka.

Alvin alikuwa na kolache mkononi. Akaiweka chini. "Hatukufika," akasema. "Babu yako alidanganya. Mama yako alisema kweli, nami nikamfanya yeye mwongo mbele ya mama yake na wadogo zake."

"Babu! Na sheria uliitunga wewe!"

"Niliitunga mimi."

Akatoa kisu kidogo, akaibandua stika. Ilitoka vipandevipande, ikaacha alama nyeupe. Ndipo Renata akasimama wima.

"Unajua Mama alinipeleka kuungama Jumamosi ile?"

"Sikujua."

"Nilimwambia padri nimemsingizia baba yangu. Nikapiga magoti nikasali sala zote alizonipa. Nimeungama dhambi yako, Baba."

Alvin akakifunga kile kisu.

"Na Mama amekwenda hajui."

"Nilikusudia kumwambia, mwanangu. Haki ya Mungu nilikusudia."

"Ulikusudia!" Renata akakaza mnyororo, akamwita mtoto, wakaondoka. Tess alipunga mkono dirishani. Mama yake hakupunga.

Siku ya nne simu ya Alvin ililia. Ilikuwa picha: miguu minne pekupeku juu ya changarawe, mikubwa miwili na midogo miwili, na nyuma yake kibao cha jimbo. Chini yake Renata aliandika:

"Tumefika. Tess anataka kubandika stika, nimemkatalia. Miguu yote, Baba, sheria yako. Ya kwako inaweza kuja. Ya Mama utaileta vipi?"

Alvin alikaa jikoni na simu ile mpaka kahawa ikapoa. Aliandika "nisamehe", akaifuta. Neno lenyewe lilionekana rahisi mno. Mwishowe akaandika yale aliyokuwa hajayatamka kwa miaka thelathini na sita:

"Kapteni, tuko wapi?"

Jibu lilichelewa. Lilipokuja alivaa miwani, akasogea dirishani penye mwanga.

"Maili thelathini mbele ya pale ulipotuacha, Baba."